Nahashon Mwaura, Mwalimu wa Farasi, na Kosa Lisilo Lake

Pasta, wazee wetu, wakwe zetu mliotoka Nyamira, marafiki mliosafiri kutoka Doha, na majirani wa hapa Molo: mimi ni Benard Gitau, mdogo wake marehemu. Familia imenipa dakika kumi na kurasa mbili za programu. Pasta ameshaangalia saa, kwa hivyo nitajaribu kukimbia, ingawa kwetu aliyejua kukimbiza alikuwa mmoja tu.

Tarehe zote mtakazosikia zimetoka kwenye bahasha ya kaki ya mjane wake, Damaris. Ndani mlikuwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, leseni ya kufunza farasi, na barua moja ya onyo. Barua hiyo inasema marehemu alifanya kosa kazini. Katika miaka thelathini na miwili ya kazi, hilo ndilo kosa pekee lililoandikwa kwa jina lake. Na si lake. Ndiyo maana niliomba nisome wasifu huu mimi, wala si binamu zangu wenye sauti nzuri. Tulieni, nitalifikia.

Nahashon Mwaura Gitau alizaliwa tarehe 9 Agosti 1968 katika shamba moja la farasi nje ya Molo, akiwa kifungua mimba wa marehemu baba yetu Japheth Gitau na mama yetu Nyokabi, ambaye tunaye hapa mbele, na Mungu azidi kumtunza. Baba alikuwa saisi, yaani mtunza farasi. Mama husema Nahashon alijifunza kusimama kwa kushika mguu wa farasi mzee aliyekuwa amesinzia uani. Baba alipowakuta hivyo hakupiga kelele. Alikaa chini akangoja mpaka mtoto aachilie mwenyewe, maana ukimshtua mmoja wao umewashtua wote wawili.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kuanzia mwaka 1975 hadi alipofanya mtihani wa CPE mwaka 1981. Hakuwa mwanafunzi mbaya, ila hakuwa peke yake. Farasi yule yule mzee alizoea kumfuata hadi shuleni na kusimama dirishani mpaka kengele ilie. Mwalimu aliwaambia wazazi siku ya kufunga shule kwamba farasi huyo alikuwa na mahudhurio mazuri kuliko nusu ya darasa. Baada ya mtihani Nahashon hakuomba kuendelea. Alisema, "Baba, vitabu vimenitosha, farasi hawajanitosha." Baba alimpa ndoo na brashi, na hayo ndiyo yaliyokuwa mahafali yake.

Mwezi wa Februari 1986 alienda Nairobi, akaajiriwa kwenye mazizi ya Barabara ya Ngong. Alianza kwa kuzoa samadi, na kufikia mwaka 1994 alikuwa msimamizi wa masaisi kumi na wawili. Ni huko alikopata ile tabia yake ambayo nyote mnaijua. Kila asubuhi, kabla ya kusalimia mtu, alipita kwa farasi mmoja mmoja akipima miguu kwa mgongo wa mkono. Alisema kiganja cha mtu wa kazi kimekuwa gome, hakisikii kitu, lakini mgongo wa mkono haujawahi kushika jembe na hauna sababu ya kudanganya. Mguu wenye joto una shida. Mguu uliopoa una safari. Alipima farasi hivyo, alipima watoto hivyo, na mkimsalimia mkiwa na homa aliwapima ninyi pia bila kuomba ruhusa.

Tarehe 17 Septemba 2003 alitua Doha, Qatar, kufanya kazi ya usaisi kwenye mazizi ya Al Rayyan. Simu yake ya kwanza nyumbani ilimtia mama hofu. "Mama, hapa farasi wana kiyoyozi. Na jioni wanaogelea." Mama alikata simu akamwendea mchungaji, akamwambia mtoto amepigwa na jua kichwani. Ilibidi Nahashon atume picha ya farasi ndani ya kidimbwi, maji yakimfika shingoni, ndipo mama akaamini. Hakutuambia wakati ule kwamba yeye mwenyewe alilala chumba cha watu sita na feni moja. Hilo alilisema miaka kumi baadaye, tena akicheka, akisema farasi ndio waliokuwa na mikataba mizuri.

Sasa ndoa. Wakwe, vumilieni. Marehemu alifika miaka thelathini na saba hana mke, na sisi tulikuwa tumekata tamaa. Kule Doha watu wa kanisa huabudu Ijumaa, maana ndiyo siku ya mapumziko. Ijumaa moja mwaka 2005 aliketi karibu na dada mmoja Mkisii aliyefanya kazi ya vyumba hotelini. Dada alikuwa akitetemeka. Nahashon alimwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso, akasema, "Wewe leo hukimbii."

Damaris Kwamboka akamjibu, "Kwani mimi ni punda?"

"Hapana," akasema Nahashon, "punda ningekuacha. Hawasikii."

Alimpeleka kliniki, ikawa ni malaria aliyokuja nayo kutoka likizo nyumbani. Tarehe 23 Desemba 2006 walifunga ndoa katika kanisa la kwao Nyamira, na wakwe mlitupokea kwa ugali wa wimbi na vifijo ambavyo hatujavisahau. Mungu aliwajalia watoto wawili, Cheryl mwaka 2008 na Japheth mwaka 2011. Damaris aliacha kazi akalea watoto hapa nyumbani, na Nahashon alikuwa baba wa simu. Kitambulisho chake cha Doha kilisema saisi, na saisi hakuruhusiwa kuleta familia.

Hapo ndipo naomba msikilize vizuri. Kwa miaka mingi kaka yangu alifunza farasi ambao walishinda, lakini kwenye kitabu cha mbio, kile kinachochapishwa na kugawiwa watazamaji, palikuwa na jina la mtu mwingine. Mwenye jina hilo alikuja Doha mara mbili kwa mwaka, akapiga picha na vikombe, akarudi Ulaya. Nahashon hakumsema vibaya. Lakini alitaka vitu viwili na aliviona kuwa kimoja: jina lake lichapishwe kwenye kitabu kama mkufunzi, na watoto wake walale nyumba moja naye. Bila leseni, hakuna kazi ya ukufunzi. Bila kazi hiyo, hakuna viza za familia.

Mwaka 2014 mwenye farasi, mzee wa Kiqatari tuliyemwita Abu Jasim, alimwambia aende afanye mtihani. Nahashon alisoma usiku na mchana, yule yule aliyesema vitabu vimemtosha. Alipita mwezi wa Oktoba. Mbio zake za kwanza zikapangwa Alhamisi tarehe 11 Desemba 2014, na farasi akawa Warda, jike wa Kiarabu, wa kijivu, mrembo, mwenye kiburi cha bibi harusi. Kila mtu pale alijua Warda atashinda.

Mimi nilikuwa Doha tangu 2010, askari wa mlangoni katika jengo moja la Al Thumama. Siku hiyo nilikuwa na ofu, sikuwa zamu. Kanisa zima lilikuja, watu wa Al Wukair, watu wa Al Thumama, magari matano, suti za kuazima, akina mama na vilemba. Kila mtu alikuwa ameshika kitabu kilichofunguliwa ukurasa ule ule. Kulikuwa na jamaa mmoja aliyekuwa akiwaonyesha hata Wahindi asiowajua: "Ona hapa. Mwaura. Huyo ni wetu, buda!"

Mimi nilifika mazizini mapema, saa sita mchana, nikiwa nimebeba chapati za masaisi. Na mfukoni nilikuwa na kikopo.

Mnakijua kikopo hicho. Hakuna nyumba hapa isiyokuwa nacho. Ni yale mafuta ya kuchua ya hapa sokoni, ya kafuri na pilipili, ambayo mama hutibu nayo mgongo, mafua, meno na talaka. Mama alikuwa amekituma na mtu aliyetoka likizo, na kabla ya kukituma alikiombea. Maagizo yake kwa simu yalikuwa wazi: "Benard, siku ya mbio mchue kaka yako mabega, apate nguvu."

Basi mimi nikafikiri. Ndugu zangu, hapo ndipo huwa naharibu. Nikajiambia, Nahashon si yeye atakayekimbia. Atakayekimbia ni Warda. Sasa nguvu za mama ziende kwenye mabega ya mtu aliyekaa kitini, ama ziende mahali zinapohitajika? Masaisi walikuwa wakila chapati. Nikaingia kwa Warda, nikamchua mguu wa mbele wa kushoto, kuanzia gotini kushuka chini, vizuri kabisa, na sala fupi juu yake.

Pale getini kulikuwa na kibao alichokiandika Nahashon mwenyewe: mtu asiingie na dawa yoyote, mafuta yoyote, anawe mikono kwanza. Mimi nilidhani ni mambo ya usafi. Sikujua kwamba farasi anayeshinda hupimwa damu na mkojo, na kwamba kafuri na pilipili huhesabiwa kuwa dawa za kudanganyia mbio. Hakuna aliyeniambia. Kweli, sikuuliza.

Saa tisa Nahashon alikuja kupima miguu kwa mara ya mwisho. Alikuwa amevaa suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Alianza na mguu wa nyuma, wa kulia, akaja mbele. Alipofika mguu wa kushoto akainama na kuweka mgongo wa mkono. Alikaa pale chini muda mrefu kuliko kawaida, uso wake karibu na goti la farasi. Nilidhani anaomba, nikavua kofia.

Akainuka, akaniangalia. Nilikuwa nimesimama na bakuli tupu la chapati.

"Benard, umekula?"

"Nimekula, kaka."

"Haya. Nenda ukakae na wageni."

Nikaenda. Nusu saa baadaye tukasikia kwenye kipaza sauti, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kwamba Warda ameondolewa. Mkufunzi wake, Nahashon Mwaura, amemwondoa yeye mwenyewe kwa sababu ya joto mguuni. Ndivyo jina la kaka yangu lilivyotangazwa mara ya kwanza Doha. Watu wa kanisa walikunja vitabu. Yule jamaa wa "huyo ni wetu" akaanza kuwa wa watu wengine. Wengine walicheka, na mmoja akasema kwa sauti, "Miaka yote hiyo, na siku yenyewe ameogopa."

Nilikimbia mazizini. Nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, koti la suti pembeni, mikono ya shati imekunjwa, akiosha mguu wa Warda kwa maji na sabuni. Karibu yake alisimama Yusufu, saisi wa Tanga, mtu wa heshima zake, na alikuwa karibu kulia.

"Bosi," Yusufu akasema, "daktari amesema hachechemei. Wallahi angekimbia. Abu Jasim ana wageni kule juu, utamwambia nini?"

"Nitamwambia mguu una joto."

"Na siku yako je?"

Nahashon akacheka kidogo. "Farasi hajui leo ni siku yangu."

Nilipaswa kusema palepale. Kikopo kilikuwa mfukoni, kimegusa paja langu. Lakini nilikuwa sijaelewa bado kosa langu lilikuwa na ukubwa gani. Nilichojua ni kwamba nimemchua, na sasa mguu una joto. Niliogopa atakachonifanya, na niliogopa zaidi kwamba angenisamehe mbele ya Yusufu.

Jumamosi Abu Jasim alikuja mazizini. Sisi sote tulijua leseni, kazi na viza za watoto vilikuwa mdomoni mwa mzee yule. Walizungumza wawili, wamefunga mlango. Yusufu, aliyewapelekea chai, alisikia mwisho tu. Mzee aliuliza, "Mguu?" Nahashon akajibu, "Umepoa." Mzee akauliza, "Basi atakimbia lini?" Nahashon akasema, "Akiwa tayari." Mzee akanywa chai yake yote, akaondoka.

Warda alikimbia tarehe 8 Januari 2015, na yule jamaa wa "huyo ni wetu" akarudi kuwa wetu, maana Warda aliwaacha wenzake kwa urefu wa farasi watano. Mwezi wa Machi Abu Jasim aliongeza farasi wanane. Mwezi wa Agosti Damaris, Cheryl na Japheth walishuka Doha kwa viza za familia wakahamia Al Wukair, nyumba ya vyumba viwili na feni kila chumba. Kufikia alipoacha kazi mwaka 2018, kaka yangu alikuwa ameshinda mbio sitini na moja kwa jina lake lililochapishwa. Vitabu vyote sitini na moja viko sebuleni kwa mama, na mama huwaonyesha wageni kabla ya kuwapa chai.

Mwaka ule ule wa 2015 Yusufu alinieleza, kwa mazungumzo tu, kuhusu kafuri na vipimo. Ndipo nikaelewa ukubwa wa kosa langu. Kama Warda angekimbia siku ile, angeshinda, na kama angeshinda, leseni ya kaka yangu ingefutwa jioni ya siku yake ya kwanza. Tangu hapo nilimficha kwa miaka minne. Kila tulipokula pamoja nilisema nitamwambia baada ya chakula, na baada ya chakula nilisema acha kishuke.

Ugonjwa ulianza Septemba 2018, saratani ya kongosho. Alirudi nyumbani mwezi wa Novemba akatibiwa hospitalini Nakuru, na madaktari na wauguzi walimtunza kwa upendo. Yeye naye aliwafanyia kazi. Muuguzi akija na kipimajoto, Nahashon alijiwekea mgongo wa mkono shingoni kwanza na kutangaza: "Thelathini na nane, ongeza kidogo." Kipimo kikitoka, ni thelathini na nane na nukta tatu. Wakaanza kumpelekea wagonjwa wa vitanda vya jirani. Alilala usingizi wa mwisho Jumamosi tarehe 4 Mei 2019, saa nne asubuhi, mama na Damaris wakiwa wamemshika mikono. Mimi nilikuwa mlangoni, bado natafuta maneno.

Jumatano iliyopita, tukikusanya tarehe hizi, Damaris alimwaga bahasha yake mezani. Nikaona ile barua ya onyo. Ni ya tarehe 14 Desemba 2014, kutoka kwa wasimamizi wa mbio. Inasema mkufunzi Mwaura amejieleza kwa hiari yake kwamba alimpaka farasi mafuta ya nyumbani kwa kutojua, kwamba alimwondoa mwenyewe kabla ya mbio, na kwa hivyo anaonywa.

Amejieleza kwa hiari yake! Mtu aliyeandika kibao cha getini kwa mkono wake!

Nikamwambia Damaris, "Shemeji, si yeye. Ni mimi."

Akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Alinipigia simu siku ile ile. Alicheka mpaka akapaliwa. Akaniambia, 'Benard amempaka Warda mafuta ya mama. Ningemshuku mlinzi wa mazizi, lakini harufu ile nimelelewa nayo.' Alisema wangejua ni wewe wangekurudisha nyumbani, kwa hivyo ameandika jina lake. Nikamuuliza, sasa utamwambia Benard? Akasema, 'Nimwambie nini? Farasi hasukumwi kuingia kizimba cha kuanzia mbio. Atasema mwenyewe akiwa tayari.'"

Basi aliningoja. Miaka minne na miezi mitano ya chakula cha pamoja, akiniangalia ninavyofungua mdomo na kuujaza chapati. Na najua alikuwa akicheka moyoni, Nahashon huyo!

Kwa hivyo mbele ya mama yangu, ambaye naona ananiangalia na ameshika fimbo, na mbele yenu nyote, naomba programu hii isomeke hivi. Jina ambalo kaka yangu alilingoja miaka kumi na moja kuliona limechapishwa ni safi. Kosa lile moja lilikuwa langu, mimi Benard Gitau. Nimechelewa, kaka, lakini nimekuwa tayari.

Marehemu ameacha mama yake Nyokabi, mjane wake Damaris Kwamboka, watoto wake Cheryl na Japheth, na mdogo wake, huyu anayesoma. Doha ameacha masaisi kumi na wanane wanaopima miguu kwa mgongo wa mkono, na Warda, ambaye amestaafu, amezaa mara mbili, na kwa mujibu wa Yusufu bado hakubali kuguswa mguu wa kushoto na mtu aliyetoka Molo.

Asubuhi hii, kabla hatujafunika jeneza, nilimwekea kaka yangu mgongo wa mkono kwenye paji la uso, kama alivyotufanyia sote. Joto limekwisha. Nenda salama, Nahashon. Umepoa, safari ni yako.